Uzi: Programu ya kuhifadhi mpangilio wa aikoni kwenye desktopu, ipi ni nzuri kwa Windows 10?

Mchapaji wa Kona (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina duka dogo la steshenari, na laptopu moja ndiyo inayobeba kila kitu: kuchapa, kuskani, maombi ya ajira, barua za serikali ya mtaa, kadi za harusi. Ni Windows 10, skrini yake 1366 kwa 768. Kazi za wateja naziweka kwenye desktopu yenyewe, na mahali faili lilipo ndipo panaponiambia hali yake. Safu za kushoto ni kazi ambazo sijazigusa. Katikati zimeshachapwa, zinamsubiri mwenyewe. Kulia kabisa, juu ya saa, ni wale waliochukua karatasi zao wakasema hela wataleta jioni.

Sasa siku za mechi vijana wananiomba nichomeke waya wa HDMI kwenye TV ya ukutani. Nikichomeka tu, aikoni zinakimbilia kushoto zinabanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Nikichomoa waya, hazirudi zilikokuwa. Wadaiwa wamechanganyika na kazi mpya, na kuna mteja wa barua ya utambulisho amenikuta nahangaika kutafuta faili lake katikati ya madeni ya wenzake.

Nimesikia kuna programu inakariri aikoni zilivyokaa, halafu ukibonyeza inazirudisha. Naomba wajuzi mnitajie ipi. Iwe ya bure, iwe nyepesi, isije na takataka. Na tafadhali msiniambie nitengeneze folda. Folda nazijua.

Kisiki cha Mpingo

Tengeneza folda mkuu 😂

Mchapaji wa Kona

@Kisiki cha Mpingo nilijua tu utakuwa wa kwanza.

Fundi wa Ghorofani

Mkuu, kabla ya programu nikueleze kinachotokea, maana ukikielewa nusu ya tatizo lako inaisha leo bila kupakua chochote.

Windows haijui kwamba upande wa kulia kwako ni madeni. Inachojua ni kwamba faili fulani liko pikseli (zile nukta ndogo za skrini) kadhaa kutoka ukingo wa kushoto na pikseli kadhaa kutoka juu, basi. Desktopu yako ina upana wa pikseli 1366. Tuseme faili la mdaiwa liko kwenye pikseli ya 1290. Ukichomeka TV na Windows ikaamua kuonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili, inabidi itafute ukubwa ambao zote mbili zinaukubali. Tuseme imeangukia 1024 kwa 768. Hapo pikseli ya 1290 haipo tena duniani. Explorer, ambayo ndiyo inayochora desktopu, haiwezi kuliacha faili lielee nje ya skrini, kwa hiyo inalivuta ndani na kulitupa kwenye nafasi yoyote iliyo wazi. Ukichomoa waya, upana unarudi 1366, lakini faili halina sababu ya kuhama tena: pale lilipo sasa ni mahali halali hata kwenye skrini kubwa.

Fanya hivi. Chomeka waya, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua Extend badala ya Duplicate. TV inakuwa skrini ya pili na laptopu inabaki na 1366 yake. Hakikisha kwenye mipangilio ya skrini kwamba laptopu ndiyo skrini kuu. Dirisha la mechi liburute mpaka kule ukutani. Faida ya pili, na hii kwa duka kama lako naiona kubwa kuliko aikoni zenyewe: watazamaji wa mpira hawaoni majina ya faili za wateja wako.

Mchapaji wa Kona

@Fundi wa Ghorofani nimejaribu sasa hivi, hakuna aikoni hata moja iliyosogea. Ubarikiwe mkuu. Na hilo la majina umenigusa, kuna mafaili hapa yameandikwa "talaka" na jina la mtu.

Ila programu bado naitaka. Mimi nikitoka anakaa mdogo wangu, na huyo hata ukimwandikia ukutani atabonyeza Duplicate.

BintiSeva

Kaka, chukua DesktopOK. Imeandikwa na jamaa mmoja wa Ujerumani, Nenad Hrg, anaitoa bure kwenye tovuti yake ya SoftwareOK na ameitunza kwa miaka mingi. Ni kifaili kidogo kisichohitaji hata kusakinishwa: unakifungua, unabonyeza Save, inatokea safu mpya kwenye orodha ikiwa na jina na ukubwa wa skrini ya wakati huo. Siku aikoni zikivurugika unachagua safu ile unabonyeza Restore. Jina unalibadilisha unavyotaka.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, pakua kwa mwenyewe, usiende kwenye zile tovuti zinazokusanya programu za watu na kuzifungia takataka nyingine ndani. La pili, ina uwezo wa kujihifadhia yenyewe kila baada ya muda fulani. Wengi wanaiwasha wanaona wamemaliza. Lakini yenyewe haijui kipi ni mpangilio na kipi ni vurugu! Mdogo wako akibonyeza Duplicate saa nne, saa nne na robo inahifadhi vurugu. Kwa hiyo hata ukiiwasha, kuwe na safu moja uliyoihifadhi kwa mkono wako, yenye jina lake, usiyoigusa.

Kisiki cha Mpingo

Mimi natumia ReIcon ya Sordum. Nayo ni bure, nayo haisakinishwi. Ina mambo machache kuliko DesktopOK na hilo ndilo ninalolipendea: kuhifadhi, kurudisha, na ukitaka inajiweka kwenye menyu ya kitufe cha kulia cha mausi. Kwa mtu wa dukani inatosha kabisa.

(Umeona, nami nina la maana mara mojamoja.)

Mhenga wa Disketi

Vijana mnaongea kana kwamba jambo hili limeanza jana. Enzi za Windows NT 4, Microsoft wenyewe walikuwa na kidude kwenye Resource Kit yao (mkusanyo wa zana za ziada), faili moja linaitwa Layout.dll. Ukishaliweka, ukibonyeza kitufe cha kulia juu ya My Computer unakuta mistari miwili mipya: Save Desktop Icon Layout na Restore Desktop Icon Layout. Hakuna dirisha wala mipangilio. Unahifadhi, unarudisha, unaendelea na kazi.

Yaani walijua tatizo lipo, dawa wakaitengeneza, halafu hawakuiweka ndani ya Windows yenyewe. Badala yake kwenye XP wakatuletea yule msafishaji wa desktopu, anaibuka kila baada ya siku 60 kukuambia aikoni hizi huzitumii, nizikusanye kwenye folda ya Unused Desktop Shortcuts? Nani alimwita?

BintiSeva

@Mhenga wa Disketi 😂😂 huyo namkumbuka. Mzee wangu alikuwa anadhani ni kirusi.

Mtumishi wa Bara

Samahani wadau, mimi naona programu hizi ni uongo mtupu. Nilikuwa na moja ya aina hii, nikahifadhi mpangilio vizuri kabisa na faili lake nikaliweka kwenye flashi. Fundi akapiga Windows upya. Nikarudisha kile nilichohifadhi, nikaletewa desktopu ina Recycle Bin na vitu viwili vitatu. Nyaraka zangu za ofisi hazikurudi hata moja. Sasa ilikuwa inahifadhi nini?

Fundi wa Ghorofani

@Mtumishi wa Bara pole sana mkuu, lakini programu haikukudanganya. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Inachohifadhi ni orodha: jina la aikoni na mahali pake. Faili lenyewe haligusi. Ukirudisha, inaenda kwenye desktopu ya sasa, inatafuta kitu chenye jina lile, ikikikuta inakipeleka mahali pake pa zamani. Isipokikuta inapita. Windows ilipopigwa upya bila mtu kunakili mafaili yako kwanza, orodha ilibaki na majina ya vitu ambavyo havipo. Mafaili yananakiliwa kwa njia yake: diski ya nje, flashi, au hifadhi ya mtandaoni. Mpangilio ni jambo la mwisho, baada ya mafaili kurudi.

Na kwa kuwa inatafuta kwa jina, mleta uzi nawe sikiliza. Ukilibadilisha jina faili kutoka "CV Asha" kuwa "CV Asha mpya", kwa orodha ya jana hilo ni faili geni. Kazi iliyoingia leo asubuhi haimo kwenye mpangilio wa jana. Ukirudisha wa jana, yale ya jana yatakaa sawa, ya leo yatabaki popote yalipo. Duka lako linapokea mafaili mapya kutwa, kwa hiyo mpangilio wako unazeeka haraka kuliko wa mhasibu ambaye aikoni zake ni zilezile mwaka mzima.

Mtumishi wa Bara

Sasa nimekuelewa. Huyo fundi wangu nitamtafuta.

Mchapaji wa Kona

@Fundi wa Ghorofani kwa hiyo kwangu haifai?

Fundi wa Ghorofani

Inafaa, ila uihifadhi mara kwa mara. Kila ukifungua duka, kila ukimaliza rundo la kazi, na hasa kabla ya kushika waya wa TV. Ni kubonyeza mara moja.

Na kuna jambo najua hutalipenda, nalisema hivyohivyo. Deni lisikae mahali tu, likae na kwenye jina. Anza jina na herufi fulani, tuseme "D" na kiasi: "D 1500 CV Asha". Aikoni zikivurugika, bonyeza kitufe cha kulia, View, kisha Sort by jina, wadaiwa wote wanajipanga pamoja. Programu ikikosekana, laptopu ikibadilishwa, faili likihamishiwa kwenye flashi, deni linaonekana bado. Mahali ni pazuri kwa macho yako ukiwa umekaa hapo, lakini faili halisafiri na mahali pake.

Kisiki cha Mpingo

@Fundi wa Ghorofani nakurekebisha kidogo, Sort by haiko ndani ya View. Ni mstari wake wenyewe, chini ya View kwenye menyu ileile.

Halafu "D 1500" likionekana na mwenye deni akiwa amesimama kaunta, si vita?

Mchapaji wa Kona

@Kisiki cha Mpingo vita gani, hiyo ni huduma. Asome mwenyewe nisiongee.

BintiSeva

Kuna na njia ya Fences ya Stardock, ipo tangu 2009. Hiyo inachora vibanda kwenye desktopu na kila kibanda kina kichwa chake: Mpya, Tayari, Madeni. Faili unaliburuta ndani ya kibanda na vibanda vinahamahama pamoja. Kwa jinsi mleta uzi anavyofanya kazi, imekaa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Lakini ni ya kulipia, na amesema anataka ya bure, kwa hiyo naitaja tu aijue.

Jongoo la Bandarini

Habari zenu wakuu. Mimi nauliza tofauti kidogo. Kompyuta yangu ni ya ofisi, hawaruhusu programu yoyote kutoka nje, ukiifungua tu unaitwa IT. Na mimi naingia kutoka nyumbani kwa Remote Desktop, monita ya nyumbani ni ndogo kuliko ya ofisini. Kila nikirudi ofisini nakuta fujo. Hakuna namna ya Windows yenyewe?

Fundi wa Ghorofani

@Jongoo la Bandarini ipo. Mahali pa aikoni Windows inapaandika kwenye Rejistri, daftari lake la ndani la mipangilio, na unaweza kunakili kipande kile peke yake. Kipo hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\1\Desktop

Kwenye Windows 7 utaona humo thamani zinazoanza na ItemPos zikifuatiwa na ukubwa wa skrini. Kwenye Windows 10 tafuta IconLayouts. Huna haja ya kuzisoma, ni rundo la namba tu.

Panga aikoni zako unavyotaka, kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Usiiruke hatua hii: Explorer haiandiki papo hapo kila unaposogeza aikoni, inaandika inapofungwa kwa utaratibu. Ndiyo maana Explorer ikikwama na kujiwasha upya, wakati mwingine aikoni zinarudi zilivyokuwa asubuhi. Ukishaingia tena, fungua dirisha la amri uandike:

reg export "HKCU\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\1\Desktop" "%USERPROFILE%\Documents\aikoni.reg" /y

Siku ya kurudisha ni amri tatu kwa mfuatano huu:

taskkill /f /im explorer.exe
reg import "%USERPROFILE%\Documents\aikoni.reg"
start explorer.exe

Usishtuke baada ya amri ya kwanza, desktopu na upau wa chini vitapotea, ya tatu inavirudisha. Tunaiua Explorer kwa nguvu makusudi, kwa sababu ukiifunga kistaarabu itaandika ile fujo ya sasa juu ya ulichorudisha. Hifadhi kazi zako kwanza, na ungoje iwe haikopi faili lolote.

Rudisha ukiwa umekaa kwenye monita ya ofisini, usirudishe ukiwa kwenye Remote Desktop ya skrini ndogo. Na hata kama ni Windows tupu, waulize IT kwanza. Kuna ofisi Rejistri yenyewe imefungwa.

Jongoo la Bandarini

Imekubali, asante sana kiongozi. Nimeziweka zile amri tatu kwenye faili la .bat, nikilibonyeza zinajiendesha zote. IT hawajasema kitu, nilimwonyesha mmoja wao naye akainakili.

Pwani_Xfce

Sisi wa Linux tuko pembeni tunakunywa kahawa. Kwenye Xfce, mojawapo ya desktopu za Linux, mahali pa aikoni panaandikwa kwenye mafaili ya kawaida ndani ya ~/.config/xfce4/desktop. Nakili folda ile, umemaliza. Ukiharibu, irudishe.

Kisiki cha Mpingo

@Pwani_Xfce na wa GNOME, ile desktopu nyingine ya Linux, je? Au bado wanazitafuta aikoni zao tangu 2018?

Pwani_Xfce

Hao nao tuwaache. Nautilus, programu yao ya mafaili, iliacha kuchora aikoni za desktopu kwenye toleo la 3.28, mwaka huohuo wa 2018, wakaambiwa atakayezitaka atumie nyongeza. Tatizo la mpangilio likaisha siku hiyo 😂

Mama Kopi

Jamani mimi nina steshenari pia, nimesoma uzi wote. Nimeweka DesktopOK, nimehifadhi, nimejaribu kuvuruga kwa makusudi. Kwanza aikoni hazikubali kukaa ninapoziweka, zinajipanga zenyewe kushoto. Halafu nikibonyeza Restore hakuna kinachotokea. Nimekosea wapi?

BintiSeva

Dada, hujakosea programu, hiyo ni Auto arrange. Bonyeza kitufe cha kulia mahali patupu kwenye desktopu, nenda View, toa alama kwenye Auto arrange icons. Ikiwa imewashwa, Windows inazipanga kuanzia kushoto kila mara, programu yoyote ikizipeleka kwingine zinavutwa palepale. Align icons to grid yenyewe iache, haina shida, inanyoosha mistari tu.

Ukishaitoa, panga upya kisha uhifadhi upya, maana ulichohifadhi mwanzo kilikuwa hichohicho cha kushoto.

Mama Kopi

Imekubali dada yangu! Zimerudi zote isipokuwa moja, lile faili niliongeza "final" mwishoni.

Fundi wa Ghorofani

@Mama Kopi hilo ndilo la jina nililolisema juu. Lirudishie jina la zamani ubonyeze Restore tena, au liburute kwa mkono kisha uhifadhi.

Mchapaji wa Kona

Wakuu, mrejesho. Extend ndiyo inatumika siku za mechi. DesktopOK ipo, nimehifadhi safu moja ya laptopu peke yake na nyingine ya siku za TV kwa ajili ya mdogo wangu. Na ile "D" nimeianza kwa wadaiwa wa wiki hii. Wawili wameliona jina lao kwenye skrini wakalipa bila kuulizwa. Wa tatu ameniuliza kama kuna namna ya kuficha aikoni zote kwa mpigo.

Kisiki cha Mpingo

Mwambie ipo, View kisha toa alama kwenye Show desktop icons. Deni linabaki palepale.